Naomba ushauri: kurekodi mapigano kwa mtindo wa Jackie Chan

Wakuu, tunaandaa filamu fupi ya mapigano kama zile za Jackie Chan za miaka ya 1980: kamera imetulia, mwili mzima unaonekana, pigo na anayepigwa wamo kwenye picha moja. Tatizo ni kasi. Tukirekodi fremu (picha moja moja za video) 22 kwa sekunde na kuonyesha kwa 24, ngumi zinachangamka ila nywele na nguo zinarukaruka, na sauti inakuwa nyembamba (watengenezaji wa filamu hizo huko Hong Kong waliingiza sauti baadaye, hawakusumbuka). Je, tubaki na 24, kisha kwenye uhariri turudie fremu 2 au 3 za pigo?

La pili, kuanguka. Jackie mwenyewe alipasuka fuvu mwaka 1986 huko Yugoslavia, akirukia mti. Kwa anguko la mita 2, maboksi matupu yapangwe tabaka ngapi chini ya godoro?