Tupeane uzoefu: kazi unaijua, muda unao, na bado huigusi

Mtoa mada
Assalaam alaykum jamani. Utafiti wangu wa chuo umebaki sura moja tu, na data zote ninazo. Huu mwezi wa tano sasa sijaigusa. Nikifungua kompyuta tu, nakumbuka vyombo havijaoshwa. Juzi nimepanga kabati zima la mama. Nyumbani wananiita mvivu, lakini mvivu gani anayefagia uwa mara tatu kwa siku? Waliopitia haya wanipe yao, ila msinambie "panga muda wako". Ratiba ninayo, nimeipaka na rangi.

Wa Wete
Pole ndugu yangu. Yangu ilinitia hasara. Msimu mmoja tulichuma vizuri, vibarua tukawalipa kwa kipimo cha pishi, jioni karafuu zikaingia ndani na magunia yake. Kawaida usiku ule ule watu hukaa kitako wakachambua, makonyo (vile vijiti vyake) mbali, karafuu mbali, asubuhi zikaanikwa. Mie nikasema tumechoka, kesho. Kesho ikaja na mvua, nikapata na kisingizio. Siku ya tatu natia mkono guniani: moto! Zimejipika zenyewe. Kuzianika zikatoka mpeta, nyepesi, zimepauka. Mzee hakunigombeza. Alikuwa akipita pale jamvini anazitazama tu, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu siku ile sisubiri nguvu zije. Naanza na pishi moja, mkono ukishazoea unaendelea wenyewe.

Bi Mkubwa, Jambiani
Mwanangu, mie mwani sijapata kuuchelewesha. Bamvua likifika, siku zile maji yanapokupwa mbali, yakitoka nimeshashuka pwani, maana yakirudi yamerudi, huyaambii yakungoje ufunge kanga. Lakini kifuani nilitokwa na uvimbe, nikakaa nao mwaka mzima siendi hospitali. Kila wiki nasema wiki ijayo. Si uvivu, nikiogopa nitakachoambiwa. Mwisho shoga yangu akanijia alfajiri, keshavaa buibui, na gari kakodi. Hakikuwa kitu kibaya, alhamdulillahi, ila mwaka ule usingizi sikuujua. Tafuta wa kukujia mlangoni.

Mwalimu wa skuli
Bi Mkubwa kapiga penyewe. Piers Steel wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, mwaka 2007 alichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi za kuahirisha mambo. Kazi inayokera na moyo wa kuvutwa na cha papo hapo vilijitokeza kuwa vinaambatana sana na kuahirisha. Ukiosha vyombo unapata nafuu saa ile ile, na nafuu hiyo ndiyo inayokufunza kukimbia tena kesho. (Naandika haya na madaftari ya watoto yako mbele yangu hayajasahihishwa, msinicheke.) Mie hufuata njia ya Muitaliano Francesco Cirillo: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika.

Kijana wa Darajani
Mwalimu, hiyo kwangu ilishindwa. Saa ya kupimia iko kwenye simu, na simu ndiyo inayonimeza. Siku hizi namwachia muuza kahawa, mpaka nimalize hesabu za duka hanipi.

Mtoa mada
Bi Mkubwa umenitoa machozi. Sura iliyopita ilirudi kwa msimamizi imejaa wino mwekundu, na tangu siku ile ndiyo sijaandika. Kumbe nakimbia wino. Nimemuomba mwenzangu wa Fuoni anijie kesho baada ya alfajiri. Kakubali, na vyombo kasema ataosha yeye.