Picha ya CT imeonyesha ubongo wa mdogo wangu umesinyaa. Tuuze kiwanja tumpeleke India?

Dada Mkubwa: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu ana miaka 24, alikuwa chuo mwaka wa pili. Anasikia watu wawili wanamjadili kila anachofanya. Chakula changu hali mpaka nionje mimi kwanza. Siku nyingine hasemi neno, anakaa uani tangu asubuhi hadi magharibi, haogi. Daktari alisema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili. Juzi tumempiga CT, majibu yanasema vyumba vya maji ndani ya ubongo vimepanuka kidogo na ubongo umesinyaa. Sipati usingizi. India wanaweza kuurudisha? Tuna kiwanja Chanika, mnunuzi yupo.

Kigogo wa Mpwapwa: Chanika ipi, na kina hati? Mimi niliuza changu cha Mbagala kwa shida ya msiba, leo nikipita naona ghorofa la mtu.

Shamsa: Chuo mwaka wa pili, hiyo ni bangi tu. Wazazi wa sasa hamfuatilii watoto.

Nesi Mstaafu: Shamsa, bangi inaongeza hatari, ila nimehudumia wengi ambao hawakuwahi kuivuta. Dada, CT hupigwa ili daktari ajue si uvimbe wala damu iliyovuja. Yenyewe haitambui skizofrenia. Vyumba kupanuka ni tofauti inayoonekana kwa wastani wa kundi la wagonjwa, si kwa kila mmoja: wagonjwa wengi picha zao ni safi, na wapo wazima wenye vyumba vikubwa. Anatumia dawa gani?

Dada Mkubwa: Alikuwa anachomwa sindano ya kila mwezi.

Nesi Mstaafu: "Alikuwa"?

Dada Mkubwa: Tuliisimamisha kabla ya Ramadhani. Shingo ilikuwa inakakamaa, mikono inatetemeka, mate yanamtoka. Mama akasema tunamuua mtoto. Halafu nilisoma kwamba dawa hizo ndizo zinazokausha ubongo, na CT imethibitisha. Msinihukumu, hamkumwona alivyokuwa.

Mpelelezi: Uzi wa kutunga huu. Kajiunga jana, analeta CT, kiwanja, sindano, kila kitu kwa mafungu. Subirini namba ya kuchangia.

Dada Mkubwa: Sijaomba hata shilingi ya mtu. Nimejiunga jana kwa sababu jana ndiyo tulipewa majibu.

Mwana wa Ruvu: Mpelelezi, hata kama katunga, wangu mimi hajatungwa. Kaka yangu alikaa uani hivyohivyo. Baba akamwita mvivu, akamnyima chakula ili afanye kazi. Alikonda tukaona mifupa. Mpaka leo baba hataki tuliongelee.

Nesi Mstaafu: Kule kukaa uani ndiko familia nyingi hazikuelewi. Sauti zinamtisha kila mtu, ila kukosa ari, kunyamaza na kutooga ni ugonjwa uleule, na vinahusishwa na sehemu ya mbele ya ubongo, inayopanga na kuanzisha mambo. Si uvivu, na ndiyo dalili inayozisumbua zaidi dawa.

Dada, kuhusu kukauka. Mwaka 1927 madaktari wa Ujerumani waliingiza hewa penye maji ya ubongo wakapiga eksirei, wakaona vyumba vya wagonjwa hawa vimepanuka. Klorpromazini, dawa ya kwanza ya maradhi haya, ilianza kutumika 1952. Hao wa 1927 walikaushwa na dawa gani? Sikufichi, wapo watafiti walioona dozi kubwa za miaka mingi zinachangia kidogo. Lakini hata wagonjwa ambao hawajameza kidonge kimoja wameonekana na tofauti hizo. Kukakamaa ni madhara yanayojulikana: dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa, au huongezwa kidonge cha kulegeza misuli. India hawana upasuaji wa kuurudisha ubongo huo.

Dada Mkubwa: Mnunuzi ameshatoa arubuni, na mjomba ameianza kuitumia kwenye paspoti. Siwezi kurudi nyuma peke yangu. Mjomba ndiye msemaji wa familia.

Kigogo wa Mpwapwa: Ndiyo maana niliuliza hati.

Nesi Mstaafu: Mjomba aende naye kliniki, amuulize daktari mwenyewe. Msisubiri, sauti zimesharudi na chakula anakiogopa.

Dada Mkubwa: Nikisema tuliacha sindano si watatugombeza?

Nesi Mstaafu: Wakigombeza vumilia, ila sema. Daktari asipojua atadhani dawa imeshindwa, atapandisha dozi, na mdogo wako atakakamaa kuliko mwanzo.