Nyutroni zinapanda kwenye kontena la vyuma chakavu: ni chanzo kweli au kifaa kinatudanganya?

Mkaguzi_Yadi

Heshima kwenu wakuu. Naomba msaada wa wanaotumia vifaa vya mkononi vya kupima gama na nyutroni. Chetu kina fuwele ya iodidi ya sodiamu kwa ajili ya gama na mrija wa heliamu-3 kwa ajili ya nyutroni. Kinakaa ofisini kwenye kiyoyozi, kazi yenyewe iko yadi ya makontena hapa Dar es Salaam.

Mambo matatu yanatukwamisha. Kontena la vyuma chakavu: gama ni ya kawaida, 0.07 µSv/h, lakini nyutroni zimefika hesabu 11 kwa dakika 5, wakati ofisini dakika 5 zilitoa 4 tu. Mbolea ya fosfeti: kifaa kinaandika urani. Na kuna boksi la kipimo cha nyuklia cha kupimia mshindilio wa barabara, lina kibandiko cha mzigo wa mionzi cha Njano II chenye TI (fahirisi ya usafirishaji) 0.6, lakini kwa mita 1 tunasoma 4 µSv/h. Je, mzigo haulingani na karatasi zake?

FundiVipimo

Mkuu, nianze na nyutroni maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea.

Hesabu za nyutroni ni chache, kwa hiyo zinayumba zenyewe. Chukua kipeuo cha pili cha hesabu uone zinavyoweza kuyumba: tofauti yenu ni 11 toa 4, yaani 7, myumbo wa tofauti hiyo ni kipeuo cha pili cha 15, karibu 4. Saba haifiki hata mara mbili ya nne. Mimi siwezi kusimamisha mzigo kwa ushahidi huo, wala siwezi kuuachia. Ongeza muda. Dakika 20 kwa kila kipimo, kifaa kikiwa juu ya kigoda au boksi tupu, si mkononi. Mwili wa mtu umejaa maji, na maji hupunguza mwendo wa nyutroni. Mrija wa heliamu-3 unakamata vizuri zile za mwendo mdogo, hivyo kiganja kikisogea nyuma ya kifaa namba inabadilika ingawa chanzo hakijaguswa.

Kosa la pili ni kupima mionzi asili ofisini. Nyutroni za asili zinatoka angani, na paa la zege linapunguza sehemu yake. Ipimeni yadini, sakafu ileile, urefu uleule kutoka chini.

Halafu kuna suala la chuma chenyewe. Mionzi ya anga ikigonga tani nyingi za chuma au risasi inang'oa nyutroni kutoka kwenye metali hiyo, kwa hiyo kando ya shehena kubwa ya chuma namba hupanda bila chanzo chochote kuwemo. Dawa yake ni kulinganisha chuma na chuma: tafuteni kontena la nondo au mabati ambalo tayari limethibitishwa kuwa safi, mpime kando yake dakika 20, kisha mpime lenu kwa umbali uleule. Zungukeni pande zote nne. Chanzo halisi kina upande wake ambako namba inapanda wazi. Kupanda kwa sababu ya chuma kunakaribia kulingana pande zote.

Ili mpate picha: Am-241 na berili iliyomo kwenye kipimo cha barabara kama hicho chenu huwa GBq 1.48 (Bq ni kipimo cha nguvu ya chanzo), na inatoa takriban nyutroni 90,000 kwa sekunde. Ukiwa nusu mita tu, mrija mdogo unaleta makumi ya hesabu kwa dakika. Ninyi mna mbili.

Gama_Tanga

Naongezea upande wa gama. Kifaa kikitoka kwenye kiyoyozi cha nyuzi 22 kwenda yadi ya nyuzi 33, mwanga unaotoka kwenye fuwele unabadilika na ukuzaji wa ishara nao unabadilika, kwa hiyo vilele vyote vya spektra (grafu ya nishati za gama) vinahama. Ukitambua mzigo dakika hiyohiyo unapata majina ya ajabu. Kiacheni ndani ya begi lake, kivulini, nusu saa hivi kabla ya kukiwasha. Kukitoa ghafla kwenye jua si vizuri, fuwele ya aina hii inaweza kupasuka kwa mshtuko wa joto. Unyevu wa pwani nao ukiganda kwenye viunganishi vya volti kubwa unaweza kuleta hesabu bandia za nyutroni, na kutikisa mrija au kuugonga vivyo hivyo.

Kuhakiki spektra si lazima mwe na chanzo cha Cs-137 (seziamu-137). Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kloridi ya potasiamu una karibu Bq 800,000 za K-40, potasiamu yenye mionzi ya asili. Bandikeni kifaa kwenye mfuko dakika 5. Kilele kinatakiwa kusimama keV 1461 (keV ni kipimo cha nishati ya gama). Kikisimama 1420, vilele vyote vimeshuka karibu asilimia 3, na hapo I-131 yenye keV 364 itasomeka kama Ba-133 yenye keV 356.

Kuhusu fosfeti: mwamba wa fosfeti una urani kwa asili, na wa Minjingu unajulikana kwa hilo, pamoja na radiamu inayozaliwa humo. Ra-226 inatoa gama ya keV 186, na U-235 nayo keV 186. Fuwele yenu haiwezi kuzitenganisha. Msiishie kwenye jina lililoandikwa na kifaa, fungueni spektra yenyewe. Mkiona vilele vya 609, 1120 na 1764 pamoja na ule wa 186, hiyo ni Bi-214 ya mlolongo wa radiamu, yaani mbolea ya kawaida. Ikiwa 186 imesimama peke yake na zile tatu hazipo hata baada ya dakika 10, hapo msifungue mzigo, waiteni TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania).

Dozi_Barabarani

Boksi lako halina tatizo kwa namba ulizotoa. TI ni kiwango cha juu cha dozi kwa mita 1, kwa mSv/h, mara 100. Kwa hiyo 0.6 maana yake µSv/h 6. Lakini TI inajumlisha gama na nyutroni, na vifaa vingi vya mkononi vinasoma dozi ya gama peke yake. Nyutroni vinazihesabu tu. Nyutroni 90,000 kwa sekunde zinaongeza karibu µSv/h 1 kwa mita 1. Aliyeandika kibandiko pia hupima upande ulio mkali zaidi na kukadiria kwenda juu.

Kitu cha kuchungulia ni chini ya kifaa. Fimbo yenye Cs-137 ikirudi juu, kuna kipande cha tangsteni kinachoteleza kuziba tundu. Kikijaa udongo mkavu kinakwama nusu njia na miale inatoka moja kwa moja kuelekea chini. Chanzo hicho, karibu MBq 300, bila kinga kinatoa takriban µSv/h 25 kwa mita 1. Msilale chini kuchungulia: pitisheni kifaa kando ya boksi kwa mkono ulionyooka, na kama upande wa chini unapanda ghafla, usafirishaji usimame. Mkiona 0.1 mSv/h kwa mita 1, rudini nyuma, fungeni eneo, piga simu.

Mkaguzi_Yadi

Asanteni sana. Swali dogo: gama ikiwa kali, nyutroni nazo zikapanda, nitajuaje kwamba si gama inayojipenyeza?

FundiVipimo

Weka bamba la risasi la sentimita 2 mbele ya kifaa. Kwa Cs-137 gama inashuka hadi karibu moja ya nane. Nyutroni halisi hazishuki kwa kiasi cha kuonekana. Namba ya nyutroni ikianguka pamoja na gama, ilikuwa gama. Kwa Co-60 tumia sentimita 4, inapenya zaidi. Na usifanye jaribio hili ndani ya ule mpaka wa 0.1 mSv/h.

Mkaguzi_Yadi

Tumerudia kwa dakika 20, kifaa juu ya boksi. Yadi wazi: 29. Kontena la nondo safi: 41. Vyuma chakavu, upande uliosoma juu kuliko zote: 44, pande tatu nyingine 38, 42 na 40.

FundiVipimo

Tofauti ni 3 na myumbo ni 9. Hicho ni chuma tu, mkuu. Andika namba zote sita kwenye fomu pamoja na saa na umbali, kisha mzigo uendelee.