Naomba ushauri: picha za setilaiti kwa mrusha glaida

Wakuu, heshima kwenu. Nilijifunza kurusha glaida, zile ndege zisizo na injini, nilipokuwa nasoma Ujerumani. Sasa nimerudi Dar, nakaa Mbezi, na jioni kazi yangu ni kukodolea mawingu macho kibarazani.

Glaida hupandishwa na hewa ya joto inayoinuka, na kiwingu cheupe kama pamba ndiyo alama yake. Setilaiti mpya ya Ulaya, Meteosat-12, iliyorushwa Desemba 2022, inapiga picha za mawingu kila dakika 10; zilizotangulia zilipiga kila dakika 15. Jana kwenye picha ya saa nane mchana niliona upepo wa bahari umefagia mawingu yote ya pwani, ukabaki mstari tu upande wa Kibaha. Raha tupu!

Shida ni kwamba setilaiti hiyo iko juu ya Ghuba ya Guinea, kule Afrika Magharibi, sisi inatuona kwa ubavu. Halafu kwenye picha za infraredi, yaani zinazoonyesha joto badala ya mwanga, viwingu vidogo vya chini karibu vinapotea. Na bando langu linaisha kabla picha ya tatu haijafunguka.

Mliozoea picha hizi, nitazame chaneli (aina ya picha) ipi asubuhi kabla mawingu hayajaota? Na nizipateje kwa bando dogo?