Tupeane uzoefu: Safari ya siku moja kwenye kituo cha anga za juu, Ngomeni na kwingineko

Mlezi wa Vijana, Malindi

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Likizo ijayo, inshallah, ninakusudia kuwapeleka vijana wa mtaa wetu kwenye Kituo cha Anga za Juu cha Luigi Broglio kilichoko Ngomeni, kituo cha Waitaliano ambacho wazee wengi bado wanakiita San Marco. Vijana hawa wamezaliwa na kukulia hapa Malindi, na baadhi yao wamekwenda na baba zao kuvua katika Ghuba ya Ungwana na kuyaona yale majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini, lakini hakuna aliyeweza kunieleza yaliwekwa kwa kazi gani. Mmoja aliniambia kwa yakini kabisa kwamba ni visima vya mafuta.

Ninawaomba wale waliowahi kutembezwa na mwongozaji katika kituo cha aina hii, kiwe cha hapa au cha ng'ambo, watusimulie waliyoyaona, yaliyowafaa na yaliyowachosha, ili nisiwapeleke watoto wa watu juani bila ya faida.

Mwana wa Ngomeni

Wa aleikum salaam, Maalim. Huyo kijana wako usimcheke, kwa kuwa ameukaribia ukweli. Jukwaa la Santa Rita, ambalo ndilo lililobeba chumba cha kuongozea shughuli, lilikuwa kweli jukwaa la mafuta kabla ya Waitaliano kulileta huku na kulibadilisha kazi. Lile la San Marco, ambalo roketi zilirushwa kutoka juu yake, lilitokana na chombo cha jeshi la Marekani. Yote mawili yalisimamishwa kwa miguu ya chuma iliyokitwa katika sakafu ya bahari.

Ami yangu alikuwa miongoni mwa vijana wa kijijini walioajiriwa pale katika miaka ya sabini, na safari yangu ya kwanza kituoni nilimfuata yeye, aliyeombwa awatembeze wageni pamoja na mwongozaji wa kituo. Nasema bila ya upendeleo wa ukoo kwamba maelezo yake ndiyo yaliyobaki vichwani mwa watu. Alieleza kwamba roketi ya Scout, yenye hatua nne za fueli kavu, yaani vipande vinne vinavyowaka kimoja baada ya kingine, na urefu wa takriban mita 23, iliunganishwa ikiwa imelala ndani ya banda juu ya jukwaa, kisha ikainuliwa wima wakati wa kurushwa ulipokaribia. Wavuvi walikatazwa kusogea eneo lile siku hiyo, kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa ufukweni kikitazama. Wageni walidhani atawaambia habari za mlio, lakini yeye alisimulia mwendo wake: ile ya kwetu haikujikongoja kama roketi kubwa zinazoonyeshwa kwenye televisheni, bali iliondoka ghafla, na kabla mtu hajamaliza kumnyooshea mwenziwe kidole ilikuwa imekwisha kuelekea mashariki.

Kutoka jukwaa lile zilirushwa setilaiti tisa zilizofika kwenye mzingo wa dunia, yaani njia ya kuizunguka dunia, ya kwanza ikiwa San Marco 2 tarehe 26 Aprili 1967, na ya mwisho San Marco 5 tarehe 25 Machi 1988. Vijana wako waambie hasa habari za setilaiti iitwayo Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, na ndiyo maana ikapewa jina hilo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota, kazi isiyoweza kufanyika kutoka ardhini kwa sababu hewa ya dunia huzizuia zisitufikie. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti ule, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kuhusu ruhusa: kituo hiki si bustani ya kukatiwa tikiti mlangoni. Sisi tuliandika barua mapema, tukataja idadi ya watu, umri wao na dhumuni la ziara, na kila mtu mzima alibeba kitambulisho chake. Msitegemee kupelekwa majukwaani. Tuliyatazama kutoka nchi kavu.

Mwalimu, Gongoni

Niliwahi kuandamana na wanafunzi wangu kituoni, na ningependa kuanza na lililowavunja moyo, kwa sababu linazuilika. Walikwenda wakitarajia kuona roketi imesimama tayari kuruka. Hakuna roketi iliyobeba setilaiti kutoka Ngomeni tangu 1988, na familia yote ya Scout ilistaafishwa mwaka 1994. Kazi iliyobaki ni ya kuwasiliana na setilaiti zilizoko juu, na kwa mtoto asiyeandaliwa, antena ni sahani kubwa nyeupe isiyofanya lolote. Waambie kabla hamjapanda gari.

Baada ya kununa kidogo, waliamshwa na mwongozaji aliyejua kufundisha. Aliwauliza kwa nini Waitaliano waliiacha nchi yao yote wakaja kutafuta bahari ya Ngomeni, akawaacha wakisie kwa muda mrefu kabla ya kuwajibu. Dunia inapojizungusha, ardhi iliyoko kwenye ikweta huenda mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na Ngomeni, iliyoko karibu nyuzi tatu kusini ya ikweta, inapata karibu kasi hiyo yote. Akawaambia wamfikirie mtu anayeruka mbele kutoka kwenye ngalawa inayokata maji kwa kasi, na mwingine anayeruka kutoka kwenye ngalawa iliyotia nanga, wamwambie nani atatua mbali zaidi. Walimwelewa papo hapo. Kisha akaongeza kwamba upande wa mashariki hakuna mji wala kijiji, ila Bahari ya Hindi, kwa hiyo hatua za roketi zilizokwisha fueli ziliangukia majini bila ya kumdhuru mtu.

Mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye darasani huwa kimya, aliuliza setilaiti hukaa juu yetu kwa muda gani. Akajibiwa kwamba ile inayopita chini hutoka upeo mmoja hadi mwingine kwa dakika chache tu, kumi hivi, na katika dakika hizo antena huifuata ikipokea ilichokusanya na kuipa amri mpya. Setilaiti ya Italia ya AGILE, iliyorushwa kutoka India mwaka 2007, ilikuwa ikipita eneo la Malindi katika kila mzunguko wake hadi ilipomaliza kazi mwaka 2024. Darubini ya Marekani ya NuSTAR, iliyorushwa mwaka 2012, nayo huzungumza na ardhi kupitia Malindi. Hapo ile sahani nyeupe ikapata heshima yake.

Jua la Ngomeni ni kali na sehemu kubwa ya ziara ni ya kusimama nje. Kofia na maji ni lazima.

Baharia wa Lamu

Mimi nitawapeleka mbali kidogo. Nimefanya kazi katika meli za watalii, na moja kati ya bandari tulizokuwa tukitia ni Port Canaveral, katika jimbo la Florida, ambayo iko jirani na Kennedy Space Center, kituo cha Marekani cha kurushia roketi. Nilipopata ruhusa ya kushuka kwa siku moja, nilijiunga na kikundi kilichokuwa na mwongozaji, kwa sababu baharia aliyepewa saa za kurudi melini hana nafasi ya kupotea.

Basi la wageni lilitupitisha kando ya jengo ambamo roketi za kwendea mwezini ziliunganishwa zikiwa wima, lenye urefu wa mita 160, na hata ukiwa mbali unahisi kwamba macho yako yanakudanganya kuhusu ukubwa wake. Mwongozaji hakuwa mtu wa maneno mengi ya kujisifia. Alituonyesha njia pana iliyotandazwa kokoto, ambayo gari la kubebea roketi hupita kwa mwendo usiozidi ule wa mtu anayetembea polepole, na alituonyesha pia mamba kwenye mitaro, maana eneo lile limezungukwa na hifadhi ya wanyama. Nilipenda kwamba aliviunganisha viwili hivyo: ardhi iliyofungwa kwa sababu ya hatari ya roketi imekuwa salama kwa ndege na wanyama.

Kisha tukashushwa kwenye ukumbi wa Saturn V. Roketi hiyo imelazwa, ina urefu wa karibu mita 111, nasi tulitembea chini yake kuanzia kwenye injini zake tano hadi kwenye ncha. Linganisheni na Scout ya Ngomeni aliyoisimulia ndugu hapo juu. Saturn V ndiyo iliyowapeleka wanaanga wa Apollo 11, safari ya kwanza ya watu kutua mwezini, walioondoka hapo tarehe 16 Julai 1969. Kwenye jengo jingine kipo chombo cha Atlantis, kilichokwenda anga za juu mara 33 na kurudi mara ya mwisho Julai 2011. Kimeinamishwa upande, milango yake ya mizigo ikiwa wazi, hivi kwamba unakiona jinsi alivyokiona aliyekuwa angani.

Rai yangu ni kwamba mahali pakubwa humla mtu wakati wake. Wenzangu waliotaka kuona kila kitu walikimbia kutoka ukumbi hadi ukumbi, wakala chakula cha bei mbaya, na jioni walikuwa na picha nyingi ambazo hawakuweza kuzieleza. Mimi nilichagua viwili, nikasimama na kuuliza. Ngomeni haina maonyesho makubwa kama hayo, lakini haina pia msongamano, na mtoto anaweza kumuuliza mwongozaji mpaka aridhike.

Bibi wa Mambrui

Wanangu, nimesoma nikafurahi. Binti yangu anaishi Leicester, Uingereza, na nilipokwenda kumtembelea, wajukuu walinichukua hadi National Space Centre, jumba la maonyesho ya anga za juu, iliyofunguliwa mwaka 2001. Kuna mnara wenye kuta za kupenya mwanga, urefu wake mita 42, na ndani yake zimesimamishwa roketi mbili, Blue Streak na Thor Able. Miguu yangu haipendi ngazi, kwa hiyo sitazisifu ghorofa nyingi, ila lifti ipo.

Nilichotaka kuwaambia ni hiki. Mwongozaji aliponiuliza ninakotoka, nikamjibu karibu na Malindi, aliacha maelezo aliyokuwa nayo akaanza kunieleza habari za Ariel 5. Hiyo ni setilaiti ya Uingereza iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco tarehe 15 Oktoba 1974, na baadhi ya vyombo vyake vya kupimia eksirei vilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Leicester. Mwezi wa Agosti 1975 iliona chanzo kipya cha eksirei ambacho kwa muda kiling'aa kuliko vyote vilivyojulikana nje ya jua letu, na mwaka 1986 wataalamu walionyesha kwamba humo mna kitu kizito mno, ambacho hakiwezi kuwa ila shimo jeusi, kitu ambacho hata mwanga hauwezi kukiponyoka. Wajukuu wangu, ambao siku zote hudhani bibi yao katoka mahali pasipo na jambo, walinitazama vingine siku ile. Sikuwaambia kwamba nami nilikuwa ninayasikia kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo Maalim, waandalie vijana maswali yenye majina na miaka. Mwongozaji akiona mgeni anajua jambo, humfungulia mlango mwingine.

Mwana wa Ngomeni

Shikamoo, Bibi. Naomba kuongeza moja kwa ajili ya kijana atakayeuliza kama sisi Wakenya tumebaki watazamaji, kwa kuwa lazima atauliza. Mwezi wa Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga za juu, kile kinachoizunguka dunia. Iliandaliwa kwa ushirikiano na chuo kikuu cha Sapienza cha Roma, ndicho hicho kilichosimamia San Marco kwa miaka mingi kabla ya shirika la anga la Italia kukipokea kituo hicho. Kisha Taifa-1, ya Shirika la Anga za Juu la Kenya, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka Marekani. Kwamba setilaiti yetu ilibidi isafiri hadi California ilhali jukwaa liko Ngomeni ni jambo ambalo ami yangu halimpendezi, na mimi simlaumu, ingawa ninaelewa kwamba jukwaa lililolala tangu 1988 haliamshwi kwa hamu peke yake.

Kwa njia: tokeni Malindi asubuhi, vukeni mto Sabaki, mpite Mambrui na Gongoni, ndipo mkunje kulia kuelekea baharini kupitia mashamba ya chumvi. Mvua ikinyesha, kipande hicho huwa kibaya, na gari la chini sana litawasumbua. Chakula cha mchana msibebe. Mkitoa taarifa mapema mtapikiwa wali na samaki kijijini.

Mlezi wa Vijana, Malindi

Nawashukuru nyote, na Bibi shikamoo. Nimeamua kukutana na vijana kabla ya safari ili niwaeleze kwamba hatutaona roketi ikiruka, na kila mmoja achague setilaiti moja kati ya zile tisa na kuitungia swali. Yule aliyesema visima vya mafuta nimemkabidhi Santa Rita. Ndugu wa Ngomeni, ikiwa ami yako bado ana nguvu na hatachoshwa na kelele zao, tungependa akae nao baada ya chakula, nasi tutamwandalia usafiri.

Aliye na basi dogo la kukodi lililoinuka vya kutosha, na ambalo dereva wake anaijua njia ya mashamba ya chumvi, tafadhali aniandikie bei yake ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.