Kikundi cha familia «Wana wa Kambo», Katuba, Lubumbashi: tochi za kwenda Kiubo

*Jumatatu*

Yaya Mado: Jambo yenu wote. Safari ya kupiga kambi kwenye maporomoko ya Kiubo imekaribia. Gari limepatikana, mahema tumeazima kwa jirani. Kilichobaki ni taa. Kila nyumba ije na tochi yake, na si ile ya simu tafadhali.

Patrick: Yaya, kwa upande wa tochi msihangaike. Nimeona moja mjini imeandikwa lumeni 1,000,000 🔥🔥 Ukiiwasha hapa Katuba watu wa Ruashi wanafunga macho. Dola 12 tu.

Trésor: Milioni?? Mdogo wangu, balbu ya kawaida ya taa ya mbele ya gari haifiki hata lumeni 2,000.

Patrick: Labda hii ni ya kisasa

Trésor: Labda ni ya kalamu. Aliyechapa karatasi ya boksi hakulipia zile sifuri.

Tantine Chantal: Dola 12 kwa tochi! Mimi simu yangu inawaka vizuri sana, nashukuru.

Yaya Mado: Tantine, simu ndiyo tutampigia dereva. Ukiiwasha taa usiku mzima, asubuhi tutampigia na nini?

Tantine Chantal: Kwani kule mtandao unashika?

Yaya Mado: Hapa na pale. Ndiyo maana betri ya simu tuichunge.

Bijou: Baba Mukubwa ametuma sauti ndefu. Nimeiandika kwa wale walio kazini:

«Wanangu, jambo. Mimi nilishuka chini kule Kipushi mpaka mgodi uliposimama mwaka 1993. Kule chini hakuna aliyekuuliza taa yako inawaka kwa ukali gani. Swali lilikuwa moja: itafika mwisho wa zamu? Unapita kwenye chumba cha taa, unapewa yako yenye namba yako. Betri ya asidi iko mkandani, nzito, inakuvuta kiuno, na waya unapanda mgongoni mpaka kwenye kofia. Kabla ya kuingia kwenye lifti unaiwasha, halafu unashika waya pale unapoingia kwenye taa, unaupindapinda, juu ndipo unapokatikia. Ikipepesa hata kidogo unairudisha. Hushuki nayo. Basi na nyinyi mkienda dukani msisimame kuangalia mwanga ukutani. Ishike, itikise, fungua, funga. Na mimi nasema taa ya kichwa. Tochi ya mkono ni ya mlinzi wa usiku. Utabebaje mtoto, sufuria na tochi?»

Yaya Mado: Asante sana Baba Mukubwa 🙏

Patrick: Baba Mukubwa, heshima zote, lakini taa ya kichwa mwanga wake haufiki mbali 😅

Baba Mukubwa Ngoy: Mbali unataka kuona nini

Patrick: Yaani... usalama

Bijou: Usalama uko hapa miguuni. Nyoka kifutu hakimbii akisikia watu, analala palepale njiani na rangi yake ni ile ya majani makavu. Mwanga mpana mbele ya viatu njo utakuonyesha. Ule mwembamba wa mita 300 utakuonyesha mti.

Trésor: Bijou amesema kweli. Mimi ningegawa hivi: kila mtu mzima taa ya kichwa, na kikundi kizima tochi MOJA ya mkono yenye mwanga wa mbali, ikae kwa dereva au kwa Yaya Mado.

Tantine Chantal: Hizo lumeni zenu ni nini hasa, na mimi nahitaji ngapi? Nataka kwenda chooni na kurudi salama.

Trésor: Ni kiasi cha mwanga wote unaotoka kwenye taa. Ndani ya hema na kwenye kupika, 20 mpaka 50 zinatosha kabisa, Tantine. Kutembea njiani usiku, 100 au 200. Zaidi ya hapo unakula betri bure. Zile zenye kitufe cha nguvu zote, nguvu yenyewe inadumu dakika chache tu, halafu tochi inajipunguza juu ya joto.

Yaya Mado: Na pale boksi linaposema «saa 40»?

Trésor: Hapo sasa, Yaya. Tochi za kampuni zinazojiheshimu zinapimwa kwa kanuni inayoitwa ANSI FL1. Kwa kanuni hiyo wanahesabu saa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo saa 40 si saa 40 za mwanga uleule, zile za mwisho unaweza kuwa unapapasa. Na mita vilevile: «mita 100» maana yake kwa umbali huo kinachofika ni robo ya luksi (kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), yaani kama mbalamwezi mpevu. Unaona kuna kitu. Kama ni mbuzi au ni Patrick, hujui.

Patrick: 😂😂 sawa

Trésor: Boksi lisilo na kipimo chochote zaidi ya «SUPER POWER», liache hapohapo.

Yaya Mado: Betri je? Mimi nataka zile ndogo za kununua, AAA kama za rimoti. Zikiisha, njiani pale Likasi tunapata, hata kwenye kibanda cha barabarani. Ya kuchaji, kule nitaichaji kwenye mti?

Trésor: Kwa taa za kichwa nakubaliana na wewe Yaya. Nunueni zile za alkali, na msichanganye mpya na zilizotumika, maana iliyochoka inawavuta wenzake. Mkirudi mzitoe ndani. Zikikaa miezi zinavuja ule unga mweupe unaotafuna chuma, kisha mnaniletea mimi nitengeneze.

Kwa tochi ya mkono nataka ya kuchaji, yenye betri ya 18650. Hilo jina ni vipimo tu: upana milimita 18, urefu 65. Nzuri ya ukubwa huo huwa na mAh (kiasi cha umeme inachobeba) 3,000 hivi mpaka 3,500 na kidogo. Ukiona imeandikwa 9,900, huo ni uongo wa mchana kweupe.

Tantine Chantal: Utajuaje kama huna mashine?

Trésor: Mizani, Tantine. Nzima inafika gramu 45 hivi. Mimi nimeshafungua nyepesi moja pale kwenye meza yangu ya kutengeneza simu: ndani kuna betri ndogo, na nafasi iliyobaki wamejaza unga. Ganda la nje linang'aa, jekundu, maandishi ya dhahabu.

Baba Mukubwa Ngoy: Kobalti inatoka hapa kwetu, Kolwezi, inazunguka dunia nzima, inarudi Lubumbashi ndani ya tochi, tena na unga. Na tunalipa dola.

Bijou: Baba Mukubwa 😭

Baba Mukubwa Ngoy: Si nasema kweli?

*Jumanne*

Yaya Mado: Tuendelee na taa kabla ya mambo ya chakula. Maji! Pale chini ya maporomoko kuna ule mvuke, nguo zinalowa bila mvua.

Trésor: Angalia herufi IPX. IPX4 inavumilia maji ya kurukiwa kutoka pande zote, kwa mvuke wa Kiubo na hata mvua inatosha. IPX7 unaweza kuitumbukiza mita moja kwa nusu saa. Zile tochi za kuvuta kichwa mbele na nyuma ili mwanga ubane, nyingi zinapitisha maji palepale kwenye kuvutia. Na ukifungua mfuniko uone ule mpira mwembamba wa mviringo. Kama haupo, au umekatika, hiyo ni tochi ya sebuleni.

Patrick: Naweza kuitumbukiza kwenye ndoo pale dukani?

Tantine Chantal: Muuzaji akutumbukize wewe

Bijou: Naomba na yenye mwanga mwekundu kwa sisi wenye watoto. Ukiwasha nyeupe hemani saa nane ya usiku wote wanaamka, na wewe mwenyewe ukitoka nje huoni kitu.

Trésor: Ndiyo, macho yanachukua karibu nusu saa kuzoea giza vizuri, na mweupe mmoja tu unayarudisha nyuma. Mwekundu hauyasumbui sana. Wadudu pia hawaukimbilii kama mweupe.

Yaya Mado: Hema letu ni kubwa, taa ya kichwa itaangaza kona moja.

Bijou: Yaya, chukua bidoni nyeupe ya maji, ile inayopitisha mwanga, ya lita tano. Uizungushie taa ya kichwa, kioo kikiangalia ndani kwenye maji. Hema lote linapata mwanga laini.

Tantine Chantal: Hii nitaifanya hata hapa nyumbani. Umeme umekatika tangu jana.

Baba Mukubwa Ngoy: Na adabu ya taa ya kichwa nisisahau. Ukiongea na mtu usimtazame usoni, geuza kichwa pembeni au ishushe. Kule chini ukimmulika mwenzako machoni anaweza kukosa ngazi. Wafundisheni watoto kabla ya kupanda gari.

*Alhamisi*

Patrick: Nimeshanunua 😎

Yaya Mado: Umenunua nini?

Patrick: Ile

Trésor: Milioni??

Patrick: Nimepunguziwa, dola 9

Trésor: Ilete kwenye meza.

Trésor: [picha] Mizani hiyo hapo. Gramu 26. Ganda linasema mAh 9,800. Mpira wa mviringo hakuna. Tumeiwasha saa nne kamili, saa tano kasoro robo ikawa njano.

Patrick: Lakini kamba yake ni nzuri. Na ina filimbi.

Bijou: 😂😂😂😂

Baba Mukubwa Ngoy: Filimbi ni kitu cha maana porini. Usiitupe.

Trésor: Mwanga wenyewe si mbaya, nikiwekea betri nzima itafaa kuwinda funguo zilizoanguka. Isikaribie maji tu. Na hiyo betri yake niachie mimi. Asiitie mtu kwenye moto wa kambi, hiyo wala nyingine yoyote, zinapasuka.

Yaya Mado: Basi tufunge hesabu. Trésor, Jumamosi unaenda mjini na Patrick. Taa za kichwa sita, za AAA, IPX4, mwanga mwekundu uwepo. Tochi moja ya mkono. Kila moja iwashwe mbele ya muuzaji, na mkifika nyumbani muiache iwake jioni nzima tuone inafika wapi, siku za kubadilisha zingali zipo.

Trésor: Sawa Yaya. Ile ya mkono tukiipakia nitalegeza mfuniko wa nyuma robo mzunguko, isijiwashe ndani ya mfuko njia nzima mpaka Kiubo.

Tantine Chantal: Nimetuma franka za taa yangu. Na za betri mara mbili. Mimi nataka ya rangi ya kuonekana, si nyeusi, nisiitafute tochi kwa tochi.

Trésor: Chungwa ipo, Tantine.

Yaya Mado: Haya, taa zimekwisha. Makaa nani analeta? Na sufuria kubwa ya bukari (ugali) iko kwa nani?

Bijou: Sufuria iko kwa Patrick tangu Pasaka.