Mjadala: Mukuba (shaba) wetu upite Lobito ao tubaki na Kasumbalesa?

Ndugu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, miji yetu ya migodi huku Katanga, Kongo: mukuba unatoka kwa kamyo kupitia Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, ao kwa reli hadi Lobito, bandari ya Angola. Wengi wanasema Angola ina bahari, ina mafuta, ina almasi, kwa hiyo ikitufungulia reli ya Lobito imetufanyia hisani. Mimi nakataa.

Angalieni mali yao inavyotoka. Mafuta mengi yanachimbwa baharini na meli zinayapakia hukohuko. Almasi zao za Lunda, kaskazini-mashariki mwa Angola, hazihitaji mabehewa. Basi reli ya zaidi ya kilomita 1,300, kutoka Lobito hadi Luau mpakani, itaishi kwa nini? Kwa mukuba na kobalti yetu. Ndiyo maana iliunganishwa na reli ya Katanga mwaka 1931, na vita ya 1975 ilipokata njia, Lobito ilikosa mizigo yetu miaka na miaka. Wachina waliijenga upya, kisha 2022 makampuni ya Trafigura, Mota-Engil na Vecturis yakapewa kuiendesha miaka 30.

Mpini tunao sisi. Tudai kipande chetu cha reli, Kolwezi hadi Dilolo upande wetu wa mpaka na Angola, kitengenezwe sawasawa, na treni isirudi tupu: ilete samaki, chumvi, ngano. Mama anayenunua bunga soko la Kenya, hapa Lubumbashi, naye aone faida ya mukuba.

*Jibu kutoka Kasumbalesa:*

Yaya, mukubwa wangu, nimekusoma, lakini sikubali. Mimi natengeneza makaratasi ya forodha hapa mpakani. Kamyo ikitoka Kolwezi inapita Likasi, inabadilisha pineu Lubumbashi, dereva anakula bukari kwa mama wa kando ya barabara, halafu anapanga foleni huku kwetu. Kila kituo kuna mtu anayelisha watoto. Treni ikitoka Kolwezi inaelekea magharibi moja kwa moja, Lubumbashi haiioni kabisa.

Na hiyo Angola, pesa ya mafuta imejaza mji mmoja. Sensa ya 2014 ilikuta karibu watu milioni 7 katika jimbo la Luanda, zaidi ya robo ya nchi nzima. Watu wanafuata pesa. Kolwezi nayo itajaa, sisi tubaki na barabara yenye mashimo.

*Mwanzisha mjadala:*

Mudogo wangu, hapo umenigusa. Sitaki Kasumbalesa ife, na mizigo ya Dar es Salaam na Durban iendelee. Lakini kumbuka Agosti 2024, Kongo ilipokataza bia na soda kutoka nje na Zambia ikafunga mpaka. Nchi nzima ya mukuba ilisimama kwa sababu ya chupa! Mlango mmoja hautoshi.

Hilo la sensa ndilo linaloniuma zaidi. Angola ilihesabu watu 2014, ikahesabu tena 2024. Sensa yetu ya mwisho ni ya 1984. Sheria ya madini ya 2018 inalipa jimbo lenye mgodi asilimia 25 ya mrabaha, yaani malipo ya mgodi kwa serikali juu ya madini, na asilimia 15 inaenda kwa mji ao eneo la mgodi wenyewe. Mji unaopitiwa tu na mizigo haumo. Kwa hiyo madereva, mafundi na wewe wa forodha hamhesabiwi kama watu wala kama kazi, na mkataba wa reli unaandikwa juu ya vichwa vyenu.

Wabunge wa Haut-Katanga, jimbo letu la Lubumbashi na Kasumbalesa, wadai hilo kabla mizigo haijahamia Dilolo. Wewe wa Kasumbalesa, ungetaka waanze na nini?